Chungu Kisicho na Ngano

Kiwandani walimwita Sindano, na jina lenyewe lilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kazi yake. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa mwisho wa mstari katika kiwanda cha unga wa ngano, juu ya kigoda cha mbao, akishona midomo ya magunia kwa sindano ndefu iliyopinda ncha. Sababu ya pili ilikuwa mwili wake. Alikula kama wenzake, mara nyingine kuwapita, na bado mifupa ya mabega ilichomoza chini ya sare.

"Hebu tuambie, chakula unakipeleka wapi?" wenzake walimtania saa ya chai. "Au una mlango wa nyuma?"

Naye alicheka pamoja nao, ingawa ukweli ulikuwa karibu na mzaha ule kuliko walivyodhani. Tumbo lake halikukaa na kitu. Liliunguruma, likavimba, likamkimbiza chooni mara tatu kabla ya jua la mchana. Alikuwa amekwisha kuizoea hali hiyo, kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele. Vidonge vya kuongeza damu alivimeza mwaka baada ya mwaka. Dawa za minyoo, vivyo hivyo. Damu haikupanda, minyoo haikuonekana, na maisha yakaendelea.

Nyumbani kwake palikuwa mwisho wa safu ya nyumba zilizobanana, vyumba viwili na jiko la uani. Waliishi wanne: yeye, mumewe aliyekuwa fundi baiskeli kando ya barabara, binti yao wa miaka minane, na mama mkwe. Nguzo ya nyumba ile ilikuwa gunia dogo la unga ambalo kiwanda kilimpa kila mfanyakazi mwisho wa mwezi, juu ya mshahara. Mshahara ungeweza kuchelewa; unga haukuchelewa. Sindano aliubeba kichwani hadi nyumbani, na mama mkwe akaupokea mlangoni kwa mikono miwili kama anayepokea mgeni.

Bi mkubwa huyo alikuwa na mkono wa unga. Alioka mkate ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na mkate ukatoka umeumuka, umepata rangi, mpaka majirani wakapitisha vichwa uani kuuliza kama kuna kipande kimebaki. Asubuhi alipika uji wa ngano, mwepesi kwa wakubwa na mzito kwa watoto. "Nyumba yenye ngano haina njaa," alikuwa akisema, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeona sababu ya kumbishia.

Binti wa miaka minane hakuwa mtoto wa kwanza. Kabla yake alikuwepo mwingine, msichana pia. Alizaliwa mnono, akanyonya vizuri, akacheka mapema. Alipofika miezi saba alianza kupewa uji, na kuanzia hapo akaanza kuyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa majini. Tumbo likajaa, miguu ikawa vijiti, nywele zikapoteza weusi wake. Alilia kilio kisicho na nguvu. Zahanati walimpa dawa ya minyoo na kuwaambia wamlishe zaidi. Wenye maneno walisema yao: huyu kasema jicho baya, yule kasema maziwa ya mama ni mabovu. Mama mkwe hakuwasikiliza. Aliongeza uji. Aliupika mzito, mara tatu kwa siku, kisha mara tano, akampakata mjukuu wake na kijiko mkononi. "Kula, mama," alimwambia. "Kidogo tu. Cha bibi hiki." Mtoto alifungua kinywa, akameza, akatapika, na bibi akaanza upya.

Alikufa akiwa na miaka miwili na miezi minne. Walimzika. Baada ya hapo watu wazima watatu wa nyumba ile hawakumzungumzia, kila mmoja akidhani anawahurumia wengine wawili. Mtoto wa pili alipozaliwa na kunywa uji uleule na kunenepa, waliona kwamba mambo ya Mungu hayana maelezo, wakashukuru.

Sindano alianguka siku ya Jumanne, katikati ya gunia na gunia. Macho yaliingia giza, akalala juu ya mzigo aliokuwa akiushona, sindano ikamzama kiganjani. Wenzake walimbeba nje kwenye hewa, na msimamizi akamwandikia barua ya kwenda kituo cha afya.

Daktari aliyemkuta huko alikuwa mgeni kituoni, binti mdogo kwake kwa miaka, mwenye tabia moja ambayo Sindano hakuwahi kuiona kwa daktari yeyote: hakuandika mpaka mtu amalize kusema. Alimfunga kiganja, akatazama cheti chake kilichojaa mihuri.

"Mama, vidonge hivi vya damu umevimeza tangu lini?"

"Tangu mimba yangu ya kwanza."

"Na damu haijapanda hata siku moja."

"Haijapanda."

"Unakula nini nyumbani? Niambie kuanzia asubuhi."

Sindano akamhesabia. Uji wa ngano. Mkate kazini. Mkate tena jioni, na maharage, na siku nyingine tambi, kwa kuwa kiwanda kilitengeneza tambi pia na zilizovunjika waliuziwa wafanyakazi kwa bei ya kutupa. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kuhusu tumbo, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayejua jibu kabla ya kujibiwa. Alichukua damu ikapelekwa hospitali kubwa. Majibu yaliporudi, Sindano naye akapelekwa huko, wakamwingiza mpira mwembamba kooni kuutazama utumbo. Katika wiki zile zote daktari alimwambia aendelee kula ngano kama kawaida, ili vipimo visidanganye, na Sindano akatii bila kuelewa.

Alielewa siku alipoitwa na kukalishwa.

"Ndani ya ngano kuna kitu kinachofanya unga unate ukiukanda," daktari alimwambia. "Kinaitwa gluteni. Wengine hawana shida nacho. Mwili wako unakiona kama adui, na kila ukila unapigana nacho, na katika vita hiyo utumbo wako ndio unaoumia. Ndiyo maana chakula hakikai mwilini, wala vidonge."

"Dawa yake, daktari?"

"Hakuna ya kumeza. Dawa ni kuacha. Ngano, shayiri, na chochote kilichochanganywa nazo. Si kwa mwezi, mama. Kwa maisha yote."

Sindano alitazama kiganja chake kilichobaki na kovu. "Mimi nashona magunia ya ngano," akasema.

Daktari akaweka kalamu mezani. Akasema hilo watalitafutia njia, kwa sababu vumbi linaingia mdomoni nalo linahesabika. Ndipo akauliza swali ambalo kwake lilikuwa la kawaida. "Ugonjwa huu hutembea katika damu ya ukoo. Una watoto wangapi?"

"Mmoja," Sindano akajibu. Kisha akasema, "Walikuwa wawili."

Akaeleza. Hakuwahi kueleza habari ile kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa mtu yeyote, na alishangaa kuona jinsi ilivyokuwa fupi. Daktari hakuandika.

"Sikumwona, wala hakupimwa," akasema mwishowe. "Siwezi kukuapia. Lakini kwa namna ulivyonieleza, inawezekana sana."

Siku ile alirudi kwa miguu. Njiani aliingia katika duka kubwa lenye milango ya vioo, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba huko huuzwa unga wa watu wa namna yake. Kweli ulikuwepo, kwenye rafu ya juu, ndani ya kiboksi chenye picha ya suke lililopigwa mstari. Kiboksi kimoja kilikuwa na bei ya chakula cha nyumba yake kwa siku sita. Alikirudisha taratibu, akakinyoosha kikae kama alivyokikuta.

Nyumbani alisema nusu. Alimwambia mumewe kwamba amekatazwa ngano. Fundi baiskeli alifikiri mke wake anatania. "Kukatazwa mkate? Hata mfungwa hupewa mkate." Alipoona hacheki, akamwuliza basi atakula nini. Sindano akasema mchele, mahindi, mtama, muhogo, viazi. Daktari alikuwa amemwambia asihangaike na vya kwenye viboksi, chakula chake kiko sokoni ndani ya magunia kama siku zote. Nusu ya pili ya habari, ile ya mtoto, aliimeza.

Akajinunulia sufuria ndogo, kijiko cha bati na mwiko, akavitundika juu ya msumari peke yake, maana mwiko wa nyumba ulikuwa umeshiba unga wa miaka na hakuna maji yangeutoa. Akajipikia. Na bado tumbo halikutulia. Alirudi kwa daktari amekata tamaa.

"Unga wa mtama unasaga wapi?" daktari akauliza.

"Mashineni, pale sokoni."

"Na hapo husagwa nini kingine?"

Husagwa kila kitu. Msagaji alikuwa mtu mnene aliyezibwa sikio moja na mngurumo wa mashine, na ukizungumza naye ilibidi uzunguke upande wa sikio zima. Sindano alizunguka, akamweleza. Yule bwana alimsikiliza huku unga umemjaa kwenye nyusi.

"Sijapata kusikia mtu anaumwa na chakula," akasema. "Lakini njoo Jumatatu, kabla sijafungulia wengine. Jumapili huwa naifumua mashine na kuisafisha. Na zile kilo mbili za kwanza zikipita, usizile. Zitakuwa zimefagia kilichobaki."

Kilo mbili zilimuuma, kwa mtu anayenunua kilo tano. Msagaji akazinunua mwenyewe kwa ajili ya kuku wake, kwa bei ya pumba, na mambo yakaenda hivyo. Baada ya wiki tatu, kwa mara ya kwanza tangu usichana wake, Sindano alimaliza asubuhi nzima kwenye kigoda bila kukimbia.

Lakini kile kisufuria kilichotundikwa juu kilikuwa kimekwisha kuzaa maneno. Mama mkwe alikitazama wiki ya kwanza, akakitazama wiki ya pili. Wanawake wa safu ile walikuwa wameanza kuuliza kwa nini mke wa mwanawe hali tena kutoka jikoni kwake, na wakiuliza hivyo walishusha sauti. Jioni moja alioka mkate, akakata kipande cha katikati, kilichoumuka kuliko vyote, akakiweka mbele ya Sindano pamoja na chai.

"Leo utakula," akasema.

"Mama, daktari amenikataza."

"Daktari simjui. Nakujua wewe. Miaka kumi na mitatu umekula mkononi mwangu, leo unatundika chungu juu ya msumari kama unaishi na mchawi."

"Mama, acha," fundi baiskeli akaingilia. "Ni ugonjwa tu."

"Ugonjwa gani unaochagua mpishi?"

Sindano akakisogeza kipande pembeni. Kila jibu alilokuwa nalo lilielekea mahali pamoja, na hakutaka kumpeleka huko mwanamke wa miaka sabini. Binti, aliyefuatana na mama yake kwa daktari juzi, ndiye aliyejibu, bila kujua, huku akichovya mkate wake katika chai.

"Bibi, hata mimi nitatolewa damu. Daktari kasema ugonjwa wa mama unarithiwa. Mtoto anaweza kuwa nao tangu mdogo."

Mama mkwe alimtazama mjukuu. Kisha akautazama mkate uliokuwa mkononi mwa mjukuu. Kipande cha katikati kilibaki mezani mpaka kikakauka.

Asubuhi yake, Sindano alipokuwa uani akichambua maharage, bi mkubwa alitoka akivuta goti lake baya, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Nataka kukuuliza jambo," akasema. "Usinijibu kama mkwe. Nijibu kama mtu."

"Uliza, mama."

"Kwa mtoto, ugonjwa huu unaonekanaje?"

Sindano aliendelea kuchambua. "Tumbo hujaa. Miguu na mikono hukonda. Hatulii."

"Na nywele?"

"Na nywele."

"Huanza lini?"

"Anapoanza kupewa ngano."

Bi mkubwa aliokota harage lililoanguka chini, akalirudisha.

"Miezi saba," mama mkwe akasema. "Wewe ulitaka tungoje afike mwaka. Mimi ndiye niliyesema aanze."

"Mama, hata daktari hana hakika."

"Simwulizi daktari." Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu. "Nilipoona anakonda nikaongeza. Wewe ulikuwa ukienda kazini, ukiniachia. Mara tano kwa siku. Akikataa nilimkamata kidevu."

"Unga niliuleta mimi," Sindano akasema. "Niliuleta mimi kichwani, ukaupika wewe, baba yake akampakata tukimlisha. Kama ni hatia, ni ya watatu. Lakini mimi sioni hatia, mama. Tulikuwa na mtoto mgonjwa, tukampa kilicho bora ndani ya nyumba."

"Ndiyo," bi mkubwa akasema. "Tulimpa kilicho bora."

Hakulia. Aliinuka, akaingia chumbani, akajilaza kuelekea ukuta. Alilala hivyo siku nne. Alikubali maji na uji wa mtama vijiko viwili vitatu, basi. Fundi baiskeli alipoambiwa habari yote na mkewe, alikwenda akaketi kizingitini na gurudumu la mteja, akalitoa njiti moja moja mpaka likabaki duara tupu, kisha akazirudisha njiti moja moja. Alipomaliza aliingia kwa mama yake, akaketi kando ya kitanda, na mlango ukafungwa. Walichozungumza Sindano hakukisikia, wala hakuuliza.

Siku ya tano Sindano aliamshwa na sauti ya kukwangua. Alitoka uani akamkuta mama mkwe amezungukwa na sufuria zote za nyumba, anazisugua kwa mchanga na majivu mpaka zinang'aa kama zimetoka dukani. Miko ya zamani, ubao wa kukandia na kile kigongo cha kusukumia unga alikuwa amevipasua kwa shoka, vimelala kwenye rundo la kuni.

"Mama, unafanya nini?"

"Vyungu viwili ni makaa mara mbili," bi mkubwa akasema bila kuinua kichwa. "Makaa ya mara mbili hatuna. Kuanzia leo nyumba hii ina chungu kimoja, na watu wote watakula unachokula wewe. Anayetaka mkate akaule huko huko nje, na asirudi na makombo."

Fundi baiskeli alipenda mkate, akawa anaula kibandani kwake. Akirudi jioni alisimama nje ya mlango akipangusa ndevu na kukung'uta shati, na mama yake akimkagua kama askari wa mpakani kabla ya kumpisha.

Likabaki suala la kazi. Sindano alimpelekea msimamizi barua ya daktari. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Aliisoma mara mbili. "Katika kiwanda cha unga nikupeleke wapi pasipo na unga?" akasema. "Labda getini, na getini wamejaa." Alimpa mwezi mmoja wa kutafuta pengine. Katika mwezi ule Sindano alishona akiwa amejifunga kitambaa kilicholowa puani na mdomoni, na gunia lake la mwisho la unga alilibadilisha kwa muuza nafaka, akapata mchele wa chenga, ule wa punje zilizovunjika ambao wenye nacho hawautaki. Siku ya kuaga, wenzake wa mstari walimchangia kitenge na kilo tatu za maharage. Mmoja wao, aliyekuwa akimtania kuliko wote, alimwambia ameyachambua kwa mikono yake mbali na kiwanda, kisha akageuka upesi na kurudi kwenye mashine.

Alipata kazi ghala la chumvi, ng'ambo ya reli. Sindano ilikuwa ileile na magunia ni yaleyale, ila mshahara ulipungua na mwisho wa mwezi hapakuwa na cha kubeba kichwani. Chumvi iliingia katika kila mchubuko wa mkono. Mumewe alimkatia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akavivaa vidoleni kama vifuniko, na hapo akaweza kushona.

Miezi ile ilikuwa migumu, na haifai kusemwa vinginevyo. Walikula chenga na maharage, muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu msimu wake, mahindi. Kuna jioni chunguni mlikuwa na muhogo na maji, na fundi baiskeli akasema angalau katika nyumba hii chumvi haitakosekana, wakacheka kidogo. Nyama iliwatembelea kwa nadra. Mtama ulioletwa kutoka sokoni ulikuwa na punje za ngano zilizoingia kwenye magunia ya wauzaji, na kazi ya kuzitoa aliichukua mama mkwe. Macho yake yalikuwa na ukungu, akachambua kwa vidole, ungo magotini, punje kwa punje. Sindano alipomwambia asijichoshe, alimjibu, "Ngano ina mfereji tumboni. Mtama ni mviringo. Vidole vyangu vimeishika ngano miaka hamsini, haiwezi kunipita." Aliyachambua mafungu yote mara mbili, na alipoipata punje moja ya ngano aliitia kwenye makaa.

Sindano alijifunza kwa kuumia. Kwenye harusi moja alikula mchuzi uliofanywa mzito kwa unga, akaugua siku tatu. Tangu hapo alikula nyumbani kabla ya kwenda kwenye sherehe, na huko akanywa maji. Waliomwona wakasema anaringa tangu ahamie kwenye chumvi. Aliwaacha waseme. Mwili ulirudi polepole: kwanza usingizi, kisha damu, kisha mashavu. Daktari alipompima akaonyesha namba kwenye karatasi na kutabasamu. Kulikuwa na siku mbaya bado, na utumbo ulioharibika muda mrefu hauponi kwa wiki. Lakini alipopanda ngazi ya ghala hakuhitaji tena kusimama katikati.

Binti aliendelea kula mkate kibandani kwa baba yake mpaka alipotolewa damu, ili kipimo kisidanganye. Siku ya majibu yake, mama mkwe, ambaye hakuwa amekanyaga kituo cha afya kwa miaka mingi, alivaa nguo yake ya kutokea akasema anakwenda. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama karibu na mlango wa daktari, mkono ukutani, mpaka ukafunguliwa. Damu ya mtoto ilikuwa safi. Daktari akasema apimwe tena baada ya miaka michache, kwa sababu ugonjwa huo huweza kuchelewa. Bi mkubwa aliuliza ni miaka mingapi hasa, akarudia jibu kwa sauti ya chini ili asilisahau.

Kisha kukatokea mtoto wa msusi. Msusi huyo alipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwao, mwanamke kijana aliyesuka watu nywele mlangoni pake, na mwanawe wa mwaka mmoja na nusu alikuwa anakonda. Mama mkwe alikuwa amempita mara nyingi. Siku moja akasimama.

"Mtoto wako ana nini?"

"Meno, bibi. Wananiambia ni meno."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili sasa."

"Meno hayachukui miezi miwili. Anakula ngano?"

Msusi hakuelewa swali. Bi mkubwa alirudi jioni, akarudi kesho yake, akawaambia safu nzima kwamba ni ngano ile, anaijua. Msusi aliogopa gharama, aliogopa kupoteza wateja wa siku, aliogopa pia kuambiwa jambo asilotaka kulisikia. Siku ya tatu bi mkubwa alimfikia akiwa na mteja, nywele nusu zimesukwa.

"Mteja atakungoja," akasema. "Nipe mtoto. Nitambeba mimi, wewe njoo nyuma yangu."

Sindano alikuwa na zamu ya mchana, asubuhi ile akawakuta njiani, akampokea mama mkwe mtoto, wakaenda watatu na mtoto. Daktari alimsikiliza msusi mpaka mwisho bila kuandika. Baada ya vipimo alisema haikuwa ngano. Mtoto alikuwa na kifua kikuu, alichoambukizwa na mpangaji mmoja aliyekohoa muda mrefu nyumba ile. Dawa zipo, hazilipiwi, zitachukua miezi sita, na wote waliokaa naye wapimwe.

Kulikuwa na waliocheka katika safu ile, kwamba bibi sasa anaona ngano hata mahali isipokuwepo. Yeye hakujali. Kila asubuhi kwa miezi ile sita alipita kwa msusi kuuliza kama dawa imemezwa, na mtoto alipoanza kushiba na kutupa vitu mlangoni, alikaa kwenye kigoda chake akimtazama mpaka goti linakufa ganzi.

Siku dawa zilipokwisha, msusi, akiwa amempakata mtoto paja moja, alimsuka bi mkubwa bure, na Sindano amekaa pembeni akingoja kumrudisha nyumbani.

"Bibi," msusi akasema, "kumbe haikuwa ngano. Sasa ulijuaje kwamba nisingoje?"

Bi mkubwa alifikiri. "Sikujua," akasema. "Mimi niliwahi kumlea mtoto aliyekonda hivyo. Msichana. Alikuwa anapenda kushika sikio langu akilala."

Sindano akageuka kumtazama. Jambo hilo la sikio alikuwa hajalisikia. Mama mkwe akaendelea, kichwa kimeinama chini ya mikono ya msusi, akaeleza jinsi mtoto yule alivyocheka mapema kuliko wenzake, alivyoogopa jogoo wa jirani, alivyopenda kuogeshwa. Alisimulia mpaka msuko wa mwisho ukafungwa. Kisha akaomba maji, akanywa, akamshika mke wa mwanawe mkono, wakarudi nyumbani kwa mwendo wa goti lake.